Kiazi Kitamu Kilivyoingia Katika Siru

Hapo kale, katika nchi ya Silla, upande wa kusini-mashariki wa rasi ya Korea, mfalme aliyeitwa Namhae alifariki. Mwanawe Yuri ndiye aliyestahili kurithi kiti, lakini Yuri alimtazama shemeji yake Talhae, mtu aliyesifika kwa busara nchi nzima, akamwambia: tawala wewe. Talhae akakataa. Wakavutana, huyu akimsukumia yule, hata Talhae akapata shauri. Alisema amesikia kwamba wenye hekima wana meno mengi. Basi uletwe mkate wa mchele, kila mmoja aung'ate, alama za meno zihesabiwe.

Ukaletwa mkate. Wakang'ata. Alama zikahesabiwa, na za Yuri zikawa nyingi zaidi. Hivyo mwaka 24 Yuri akawa mfalme, na Talhae akangoja zamu yake, ambayo ilifika mwaka 57. Habari hii imo katika Samguk Sagi, kitabu cha historia ya Korea kilichokamilishwa mwaka 1145.

Wanangu, mwandishi wa historia alitaka kutueleza habari za kiti cha enzi, lakini mimi kila niisomapo nautazama ule mkate. Ulikuwa na unyevu wa kutosha kulainika chini ya meno, na ulishikamana vizuri hata alama za meno zikabaki zikihesabika. Mkate wa namna hiyo haupatikani kwa bahati. Kuna chombo kinachoufanya uwe hivyo, na nitawaeleza jinsi kinavyofanya kazi, kwa sababu siku moja mgeni kutoka mbali sana alifika kwenye chombo hicho akaomba nafasi. Mgeni mwenyewe mnamjua. Ni kiazi kitamu.

Wakorea huuita mkate wao tteok, na aina zake ni nyingi mno. Upo unaochemshwa, upo unaokaangwa, upo unaotwangwa kwa nyundo ya mti mpaka unavutika. Leo nasimulia ule wa mvuke, nao nitauita mkate wa siru, maana bila siru haupikiki.

Siru ni chungu cha udongo kilichotobolewa matundu kitakoni. Hukalishwa juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Mvuke hupanda, hupenya kwenye matundu, hupita katikati ya unga, kisha hutokea juu. Hakuna hamira, hakuna mafuta, wala hakuna moto unaougusa unga. Mvuke peke yake ndio mpishi. Siru za kale zimefukuliwa na waakiolojia sehemu nyingi za rasi ile, na huko Anak, ambako leo ni Korea Kaskazini, lipo kaburi lenye kuta zilizochorwa jiko zima: moto unawaka, wanawake wako kazini, na mmoja amesimama mbele ya siru akiangalia kilichomo. Kaburi hilo lina maandishi yanayotaja mwaka 357. Mwanamke yule angeingia leo katika jiko la kijijini Korea, angeitambua siru mara moja na kuuliza kuni ziko wapi.

Sasa sikilizeni kazi inavyofanyika. Mchele huoshwa na kurowekwa usiku kucha, kisha huchujwa na kusagwa ukiwa bado na maji ndani yake, pamoja na chumvi. Unga unaopatikana ni mbichi na wenye unyevu. Juu ya matundu ya siru hutandikwa kijamvi chembamba ili unga usianguke majini, kisha unga humiminwa taratibu, bila kushindiliwa. Na pale siru inapokutana na sufuria, kama pana upenyo, mvuke wote utatorokea hapo. Kwa hiyo mpishi hukanda unga kidogo na maji, huusokota mrefu, akaziba pengo pande zote. Mkate ukiiva, kile kizibo nacho kimeiva na kukauka kikawa kigumu, na watoto wa zamani walikibandua wakakitafuna huku wakingoja mkate wenyewe upoe.

Neno la kushika hapa ni moja: mvuke lazima upite. Kila kanuni ya siru imezaliwa na jambo hilo. Unga ukiwa mkavu, mvuke unapita lakini unga haushikamani, na mkate unapasuka ukikatwa. Unga ukiwa na maji mengi, unakuwa tope, mvuke unakwama chini, na juu panabaki na mabaka meupe ya unga mbichi. Unga ukishindiliwa kwa mkono, hata uwe na unyevu sahihi, njia zinafungwa. Mnaona sasa kwamba kumkaribisha mgeni katika siru si suala la ladha tu. Mgeni huyo ataufanyia nini mvuke?

Wageni walikuwa wameshaingia wengi kabla ya kiazi kitamu. Kunazi kubwa nyekundu, chestinati, mapande ya boga, majani machungu ya porini yanayookotwa majira ya kuchipua, hata figili zilizokatwa nyembamba. Mgeni mkubwa kuliko wote alikuwa maharage mekundu madogo. Huchemshwa, hupondwapondwa, kisha hutandazwa tabaka: maharage, unga, maharage, unga, mpaka siru ijae. Maharage yaliyopondwa hayagandamani, kwa hiyo huacha mianya, na mvuke hupata njia ya kufika juu hata siru ikiwa ndefu. Hapo jiko na imani vilikutana, kwa sababu watu wa Korea waliamini kwamba rangi nyekundu inafukuza balaa. Mtu akihamia nyumba mpya, alipika mkate wa siru wenye tabaka nyekundu na kuwapelekea majirani, mlango hadi mlango, na wapo wanaofanya hivyo mpaka leo kwenye majengo ya ghorofa.

Upo pia mkate mweupe mtupu, usio na tunda wala haragwe. Huo hupikwa mtoto anapotimiza siku 100 tangu azaliwe. Enzi ambazo watoto wachanga wengi hawakufika hapo, siku 100 zilikuwa jambo la kushukuru, na mkate uliachwa mweupe ili maisha ya mtoto yawe safi na marefu. Uligawiwa kwa watu wengi iwezekanavyo. Walisema ukifika nyumba 100 mtoto atapata umri mrefu. Na aliyepokea sahani hakuirudisha tupu. Aliweka uzi, kwa sababu uzi ni mrefu, au mchele kidogo.

Lakini mchele, wanangu, haukuwa wa kila mtu. Kitabu kile kile cha Samguk Sagi kinamtaja mwanamuziki wa Silla aliyekuwa maskini hata nguo yake ilikuwa na viraka mia, na watu wakampa jina kwa viraka hivyo: Baekgyeol. Mwaka ulipokuwa unakwisha, mkewe alisikia majirani wakitwanga nafaka za sikukuu. Kwao hakukuwa na kitu cha kutwanga. Akauliza, sisi tutaupitishaje mwaka? Baekgyeol akachukua zeze lake, akapiga sauti ya kinu na mchi, dundo kwa dundo, ili mkewe naye asikie nyumba yake ikitwanga. Ni kisa kizuri na kinauma. Muziki ule umekumbukwa kwa karne nyingi, lakini usiku ule hakuna aliyeshiba.

Karne zikapita, njaa zikaja na kuondoka. Ndipo upande wa pili wa dunia safari ya mgeni wetu ikaanza.

Kiazi kitamu ni mzaliwa wa Amerika ya kitropiki. Wahispania walikifikisha Ufilipino. Kutoka huko, mwaka 1593, mfanyabiashara aitwaye Chen Zhenlong alikipeleka Fujian, China. Husimuliwa kwamba aliyasokota marando yake ndani ya kamba za meli, maana wenye nchi hawakutaka yatoke. Mwaka 1605 Noguni Sokan akakivusha kutoka Fujian hadi visiwa vya Ryukyu, ambavyo leo tunaviita Okinawa. Karne moja baadaye kilikuwa kimefika Satsuma, kusini mwa Japani, na kikaendelea kisiwa kwa kisiwa mpaka Tsushima. Tsushima iko kilomita 50 hivi tu kutoka pwani ya Korea. Siku ya anga safi unaweza kusimama Busan ukakiona kisiwa hicho. Hata hivyo kiazi kilibaki upande ule.

Mwaka 1763 mfalme wa Joseon, kama Korea ilivyoitwa wakati huo, aliutuma Japani ujumbe mkubwa wa karibu watu 500: maofisa, wakalimani, wachoraji, waganga, mabaharia. Kiongozi wake alikuwa Jo Eom. Zamani alikuwa ametumikia Dongnae, penye bandari ya Busan, kisha akawa gavana wa jimbo zima la Gyeongsang, kwa hiyo njaa ya watu wa kusini aliijua kwa macho yake. Meli zilipotia nanga Tsushima, wengine waliangalia mahekalu na mavazi. Jo Eom aliangalia mashamba. Aliona mmea unaotambaa chini, wenye viazi vinavyoliwa vibichi, vya kuchoma na vya kuchemsha. Aliandika habari zake katika shajara ya safari, jinsi kinavyolimwa na jinsi kinavyohifadhiwa, na bila kungoja mwisho wa safari akapeleka mbegu Busan. Aliporudi mwaka 1764 akachukua nyingine. Mimi namheshimu sana mtu huyu. Alitumwa kwenda kupeana salamu na zawadi za wakubwa, naye akaona chakula cha wadogo.

Huko Dongnae ofisa aliyeitwa Kang Pil-ri aliipokea kazi hiyo akapanda, akajaribu, na akaandika kitabu cha kuwafundisha wakulima. Kisiwa cha Yeongdo, ambacho leo kiko ndani ya jiji la Busan, kinajivunia kuwa mahali viazi hivyo vilipopandwa kwanza.

Mtadhani basi njaa ilikwisha palepale. Haikwisha. Kiazi kitamu ni mtoto wa nchi za joto, na baridi ya Korea hugandisha maji mitoni. Kiazi kikikaa penye ubaridi chini ya nyuzi 10 hivi, kinaumia ndani, na baada ya muda kinaoza. Na mbegu ya mwaka ujao ikioza, shamba la mwaka ujao limekufa kabla ya kulimwa. Wakulima walihitaji miaka mingi kujifunza kukivusha majira ya baridi. Nyumba za Korea za wakati huo zilikuwa na sakafu iliyopashwa moto kwa moshi wa jiko uliopita chini yake, na huko vijijini watu wakapata dawa: walisimamisha ghala dogo la mabua ya mtama kwenye kona ya chumba cha kulala, wakalijaza viazi. Watoto walilala upande mmoja, viazi upande mwingine, wote wakiota joto la sakafu ile ile. Usiku wa njaa hawakwenda mbali kutafuta kitafunio.

Sasa kiazi kilikuwa ndani ya nyumba. Kilibaki kuingia katika siru.

Mwaka 1809 mwanamke msomi aliyejulikana kwa jina la Bingheogak Yi alimaliza kuandika kitabu kiitwacho Gyuhap Chongseo. Kitabu hicho kinafundisha kazi zote za nyumbani: kupika, kutengeneza pombe, kushona, kupaka nguo rangi, kulima, kutibu wagonjwa. Tena alikiandika kwa herufi za Kikorea, si kwa maandishi magumu ya Kichina waliyoyatumia wanaume wasomi, ili wanawake wa nyumbani wakisome. Humo, kati ya mikate mingi, kuna mkate wa kiazi kitamu. Kiazi huoshwa, hukaushwa, hufanywa unga, kisha unga huo huchanganywa na unga wa mchele unaonata na kupikwa katika siru.

Angalieni alivyofikiri. Kiazi kibichi kina maji mengi, karibu robo tatu ya uzito wake. Ukikiponda na kukimwaga ovyo katika unga wa mchele, unapata tope, na tope halipitishi mvuke. Ukikikausha kwanza, kama watu wa Usukumani wanavyokausha michembe juani, maji yanaondoka na utamu unabaki, kisha unga wa kiazi unakaa na unga wa mchele bila ugomvi. Kiazi kilikuwa nchini kwa miaka 45 hivi tu, na tayari mpishi mmoja alikuwa ameshaielewa tabia yake na tabia ya siru.

Na kuna jambo linalonifurahisha zaidi. Mume wa Bingheogak alikuwa na mdogo wake, Seo Yu-gu, ambaye naye alikuja kuwa msomi mkubwa. Mwaka 1834, alipokuwa gavana wa jimbo la Jeolla, kusini-magharibi, aliona njaa ya watu wake akaandika kitabu kizima cha kilimo cha kiazi kitamu, na akasambaza mbegu. Shemeji alikuwa ametangulia kuandika jinsi ya kukipika. Yeye akafuata kuandika jinsi ya kukilima. Leo wilaya ya Haenam, katika eneo lililokuwa jimbo hilo, inasifika Korea nzima kwa viazi vitamu.

Kwa hiyo mkisikia mtu akisema kwamba kutia kiazi kitamu katika mkate wa siru ni mtindo wa juzi wa kuharibu asili, mwambieni kwa adabu kwamba asili yenyewe ilishakifungulia mlango zaidi ya miaka 200 iliyopita. Katika karne ya 20, mchele ulipokuwa adimu hata serikali ya Korea Kusini ikahimiza watu wachanganye nafaka, na walimu wakakagua vyakula vya wanafunzi shuleni kuona kama wali umechanganywa na shayiri, kiazi kilizidi kuwa rafiki wa nyumba nyingi. Kilipikwa pamoja na wali ili wali uonekane mwingi. Majani yake, yale ambayo sisi tunayaita matembele, walimenya vikonyo vyake wakavikaanga kama mboga.

Leo mchele umejaa, na kiazi kinaingia katika siru kwa sababu watu wanakipenda. Njia ni mbili.

Njia ya kwanza ni ya vipande. Kwa kilo moja ya mchele, wapishi hutumia viazi viwili vya wastani. Humenywa na kukatwa vipande vidogo, upana wa sentimita moja hivi, kisha hutiwa majini kwa muda mfupi ili wanga wa juu utoke na visiwe vyeusi. Halafu hufutwa kwa kitambaa mpaka vikauke nje. Msipuuze kitambaa hicho, kwa sababu kila tone linaloingia katika unga bila hesabu linaziba njia ya mvuke.

Unga nao una maandalizi yake. Mchele uliorowekwa na kusagwa pamoja na vijiko viwili vya chai vya chumvi hunyunyiziwa maji kidogo, husuguliwa kati ya viganja, kisha hupitishwa kwenye chekeche. Mpishi huchukua ukufi, akaufumba mkononi mpaka uwe donge, kisha akalirusharusha donge hilo kiganjani polepole. Likivunjika, unga unataka maji. Likibaki zima, imetosha. Hakuna kikombe cha kupimia kinachoshinda kipimo hicho, kwa sababu mchele wa kila mahali hunywa maji kwa kiasi chake, na hali ya hewa nayo ina neno. Ukitumia unga mkavu wa dukani, utahitaji maji mengi zaidi, na uuache upumzike uyanywe kabla ya kuujaribu tena.

Sukari hutiwa mwisho kabisa, dakika ambayo maji yanachemka na siru inangoja. Watoto wengi huuliza kwa nini isitiwe mapema pamoja na chumvi. Sukari hupenda maji. Ikikaa ndani ya unga huyavuta, unga unalowana na kufanya madonge, na madonge ni maadui wa mvuke. Kwa hiyo inachanganywa upesi, vipande vya kiazi vinafuata, na unga unamiminwa katika siru kwa mkono mwepesi. Uso husawazishwa bila kukandamizwa. Kama mkate utakatwa miraba, mistari huchorwa kwa kisu sasa hivi, unga ukiwa mbichi, ili mkate ulioiva uachane wenyewe.

Kisha mvuke. Maji lazima yawe yanachemka kabla siru haijapanda juu yake, la sivyo unga utaloa kwa mvuke dhaifu kabla ya kuiva. Kifuniko hufungwa kitambaa, maana mvuke ukifika juu na kukutana na kifuniko baridi hugeuka maji, na matone yakidondoka yanachimba mashimo kwenye uso wa mkate. Dakika 20 hadi 25 kwa moto mkali, kisha moto unazimwa na mkate unaachwa umefunikwa dakika tano nyingine, joto lililobaki limalizie kazi. Kijiti kikichomwa katikati kikatoka bila unga mweupe, umeiva. Mvuke unaunguza kuliko maji ya moto, wanangu, kwa hiyo kifuniko afunue mtu mzima, tena aanze kufungua upande wa mbali na uso wake.

Ndani ya dakika zile 25 kuna mengi yanatendeka. Chembe za wanga wa mchele zinakunywa maji, zinavimba, zinashikana na jirani zake. Mchele hauna ile nguvu ya kuvutika iliyomo katika ngano, kwa hiyo kinachoufanya mkate usimame ni huo wanga uliovimba tu. Katika kiazi kuna kazi nyingine. Kina kimeng'enya kinachoubadilisha wanga wake kuwa sukari, nacho hufanya kazi vizuri kiazi kinapopita polepole kati ya nyuzi 60 na 75 hivi. Mvuke mkali hukipitisha hapo haraka, basi vipande vya katika siru huwa vitamu kwa kiasi. Ndiyo maana wapishi wengine hukichoma kiazi kizima kwanza, kwa moto wa pole, mpaka kinatoa asali kwenye ngozi.

Na hiyo ndiyo njia ya pili. Kiazi kilichochomwa au kuchemshwa huondolewa ganda, hupondwa kikiwa moto, hupoa, kisha husuguliwa ndani ya unga wa mchele mpaka unga wote uwe na rangi ya njano. Hapa maji ya kunyunyiza hupunguzwa sana, mara nyingine hayatiwi kabisa, kwa sababu kiazi chenyewe kimekuja na maji yake. Chekeche hupitishwa mara mbili. Wenye kiazi cha zambarau hupata mkate wa zambarau, na watoto huupenda kwa macho kabla ya mdomo.

Wakorea wana viazi vitamu vya tabia mbili kubwa. Kimoja ni kikavu na cha unga, wanakifananisha na chestinati. Kingine ni cha rangi ya boga, chenye maji mengi na laini sana. Kile kikavu kinafaa kwa vipande, kwa kuwa kinabaki na umbo lake na hakimwagi maji ndani ya unga. Kile laini kinafaa kupondwa, mradi mpishi ajue kuhesabu maji. Nikiulizwa mimi, nachagua vipande. Katika mkate wa vipande unauona mchele na unakiona kiazi, kila kimoja na rangi yake na ladha yake, na kisu kikipita katikati unaonekana ukuta mweupe wenye madirisha ya njano. Kilichopondwa ni kitamu, sibishi, lakini mchele ndani yake hausikiki.

Mahali pamoja tu nisingekitia kiazi kitamu: mkate mweupe wa mtoto wa siku 100. Huo una kazi yake, na kazi hiyo inataka weupe. Lakini siku za vuli viazi vinapochimbwa, siku ya mgeni kufika, siku ya kuhamia nyumba ambayo watoto wake hawapendi maharage, siru iko wazi.

Mwaka 2021 serikali ya Korea Kusini iliutambua upishi wa mikate hii ya mchele kuwa urithi wa taifa. Kwa kawaida urithi wa namna hiyo huandikwa kwa jina la bingwa fulani au kikundi fulani kinachoutunza. Safari hii hawakumtaja yeyote, kwa sababu karibu kila eneo na kila nyumba ina namna yake, na haikuwezekana kusema ni wa nani. Bibi anayetia kunazi na kijana anayetia kiazi cha zambarau wote wamo.

Limebaki moja la kuwaeleza, nalo ni la manufaa kwa yeyote atakayebaki na vipande sahanini. Msiviweke katika friji. Wanga ule uliovimba, ukipata ubaridi wa friji, hujikunja upya, na mkate laini wa asubuhi unakuwa mgumu jioni. Vifungeni kimoja kimoja vikiwa bado na uvuguvugu, mviweke vigande kabisa kwenye friza. Siku mkivitaka, virudisheni kwenye mvuke mpaka moto ufike katikati, na kiazi kitalainika pamoja na mchele.